Uji Kwenye Kifunguo

"Jana saa nne asubuhi," meneja alisema, macho kwenye skrini, "kifunguo chako kimefungua seva yetu ya Dar es Salaam. Wakulima thelathini wa Mwazye wamefutwa kwenye orodha ya mbolea. Ulikuwa wapi, Evodia?"

"Kanisani, naimba kwaya."

"Na kifunguo?"

Kilikuwa mkobani, na mkoba aliuacha kwa mama yake wa ubatizo, kama wanakwaya wote wanavyoacha mikoba kwa watu wao. Mama huyo ndiye aliyemtafutia kazi hii na kumfundisha kuingia kwenye seva: andika neno la siri alilomchagulia yeye, chomeka kifunguo kwenye kompyuta, kiguse kwa kidole. Jana Evodia alimwona akitoka nje kwenda kumlisha mjukuu uji, mkoba huo begani. Ofisi iko ng'ambo tu ya barabara kutoka kanisani.

Evodia alikitoa kifunguo mkobani. Kilikuwa kidogo kama kucha ya dole gumba. Juu ya kile kiduara cha shaba kinachoguswa, uji wa ulezi ulikuwa umekauka, na mistari ya kidole ikionekana ndani yake.

Mama yake wa ubatizo alikuwa meza ya pili. Hakukwepesha macho.

"Usiogope, mwanangu," alisema kwa upole uleule wa siku zote. "Mwambie tu meneja ulikosea. Atakuelewa."

Kisha akauona uji. Akanyanyuka, kitambaa mkononi.

"Kimechafuka hicho. Lete nikufutie."

Evodia akafumba kiganja.