Karatasi ya Fundi wa Kufuli

Karatasi ilikuwa imeshajaa kabla fundi wa kufuli hajafika, na mlezi wa kikundi alijiona amefanya la maana. Kwa miezi saba wanawake hawa tisa, wote waliowakimbia waume zao, walikutana chumbani humu kwa majina ya utani tu, na hakuna aliyejua mwenzake analala wapi. Leo kila mmoja ameandika mtaa na namba ya mlango, maana fundi amejitolea kuwabadilishia vitasa bure, na hawezi kwenda asikokujua.

Fundi aliingia na mkoba wake, mcheshi, kinywa hakimkauki maneno. Aliipokea karatasi, akaisogeza dirishani aisome vizuri, mgongo amewapa wao. Kisha akaikunja mara nne, kila kunjo akilipitishia ukucha wa dole gumba.

Halafu akawapa mikono, mmoja mmoja. Alipofika kwa yule wanayemwita Chiriku, hakuuachia mkono.

“Shemeji,” alisema taratibu, “umekonda. Kaka anakuulizia kila siku.”

Wengine walicheka wakidhani anatania. Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe ndani ya kile kiganja kana kwamba si wake.

Mlezi alimsogelea fundi, mkono ameunyoosha.

“Fundi, naomba hiyo karatasi mara moja. Kuna kitu nimesahau kuandika.”

Fundi hakubisha. Aliitoa mfukoni, akailaza mezani, akainyoosha kwa viganja viwili.

“Chukua tu, dada. Nimeshaipiga picha.”