Mvua ya Dakika Kumi

Panga lilikuwa limeshainuliwa. Mackrine, mtafiti wa udongo, alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha la plastiki alilolifunika juu ya nyasi, kwenye mbuga kavu nje ya Bugomora.

"Ondoa hicho kidude," alisema mwenye panga. Wenzake wawili walisimama nyuma yake. "Tangu mlipokileta hapa, mvua imefungwa."

"Shikamoo, baba. Kinapima tu hewa ukaa inayotoka ardhini."

"Sasa ardhi nayo inapumua?"

Tone likaanguka juu ya kasha. Yakafuata mengine, mazito. Wanaume wakatazama juu, wakaanza kucheka.

"Twendeni tukapande! Maharage yote ya mbegu, leo leo!" mwenye panga akawaambia wenzake.

Baada ya dakika kumi wingu likapita. Kwenye kioo cha mashine iliyounganishwa na kasha, tarakimu zilipanda kwa kasi ambayo Mackrine hakuwahi kuiona. Udongo uliokauka miezi minne ulikuwa ukiitoa hewa yake kwa mkupuo, na nyasi zilizokufa hazikuvuta chochote.

Akachomeka kidole ardhini. Unyevu uliishia kwenye ukucha. Chini yake palikuwa na vumbi tupu.

Maharage yangechipua, kisha yangekauka yote. Na yeyote ambaye angewaambia hivyo wangemwita mchawi.

Wanaume walikuwa wameshaondoka, wanakaribia migomba ya kwanza ya kijiji. Mackrine alisimama.

"Baba! Msipande!"

Wakasimama wote watatu, wakageuka.