Ulimi Mmoja wa Hombolo

Sheria iliruhusu kila shamba la zabibu ulimi mmoja tu wa kuonja. Kwa hiyo asubuhi Mbeleje alipoandikishwa kuwa mwonjaji wa shamba lao la Hombolo, baba yake, Mzee Chilongani, alichomwa sindano, ladha ikamtoka moja kwa moja.

Mchana wakafungua chupa ya kwanza ya mvinyo wao wa mapovu, wa mwisho kutengenezwa na mzee. Mbeleje akaonja. Ulikuwa umegeuka siki.

"Ukoje, mwanangu?" baba akauliza, akipiga funda. "Mimi nasikia mapovu tu."

"Haujawahi kutoka mzuri hivi, baba."

Mzee akacheka kwa furaha, akanyoosha bilauri aongezewe. Mbeleje akammiminia, akamtazama akinywa yote.