Nguchiro na Wachimba Kisima

Tembo, mkuu asiyejua kungoja, alimweka Nguchiro mwoga asimamie kundi la fuko wachimbe kisima. "Maji yatoke leo. Yasipotoka, utanitambua!"

Adhuhuri fuko mmoja akachomoza shimoni. "Bwana msimamizi, ukuta umepasuka."

Nguchiro alikumbuka kitisho cha Tembo. Hata hivyo akawatoa fuko wote, akaenda kwa Tembo.

"Mkuu, maji hayajatoka. Nimewasimamisha mimi, wasilaumiwe wao."

Tembo akainua mguu amkanyage. Papo hapo kishindo kikasikika: kisima kilikuwa kimeporomoka, na ndani hamkuwa na hata fuko mmoja.

Tembo akaushusha mguu polepole. "Sasa wachimbe wapi?" akauliza.

Nguchiro hakupona woga wake. Ila tangu siku ile, hakuna fuko aliyemficha habari mbaya.