Mafuta Mazito ya Shaibu

Haya si ya kutunga. Naapa kwa kula kwangu na kulala kwangu, yalitokea kwenye kambi ya malori ya Nachingwea, Julai 1951, kwenye baridi iliyowafanya majogoo wawike kwa kigugumizi.

Alfajiri tatu mfululizo dereva Shaibu alijifanya kalala, huku mkewe Zaina akinyata kutoka nje. Kila akirudi, kanga yake ilinuka moshi. Na saa hizo moto kambini ulikuwa mmoja tu: wa Mohamedi, mlinzi wa malori.

Kazini, Shaibu alikuwa mwamba. Lori lake kuukuu, masalia ya vita, alilitilia mafuta mazito ya injini.

"Baridi inataka mepesi, bwana," wenzake walimwonya. "Hayo yataganda kama ugali wa jana."

Lakini wao na mepesi yao walizungusha hendeli ya kuwashia mpaka jasho likawatoka. La Shaibu liliwaka kwa mzunguko mmoja.

"Injini kuukuu ni kama mzee mwenye njaa," aliwatambia. "Haitaki uji!"

Siku ya nne akamngoja Zaina mlangoni.

"Unatoka wapi?"

"Kulinda heshima yako, Baba Ausi."

"Heshima yangu! Kwa Mohamedi?"

Shaibu hakungoja jibu. Jua halijachomoza vizuri Zaina alikuwa kapakiwa kwenye gari la Ruangwa, arudi kwao Likunja.

"Mwambie baba yako Ijumaa nakuja," Shaibu akamwambia. "Nitakuacha mbele yake."

Kesho yake lori likagoma. Shaibu akazungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Keshokutwa yake, vile vile. Wenzake walishakaa juu ya maboneti kama watu waliofuata ngoma.

"Fundi! Mzee wako leo anataka uji?"

Hapo akatokea Mohamedi, blanketi begani. Shaibu akakaza hendeli mkononi.

"Bwana Shaibu, shemeji anaumwa?" Mohamedi akauliza, wote wakisikia. "Siku ya pili leo hajaja kuchukua makaa ya kuweka chini ya injini yako."

Ijumaa Shaibu alifika Likunja kama alivyoahidi: kwa miguu, akimvuta mbuzi wa faini.