Zamu ya Darubini

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Ilikuwa Ijumaa ya baridi, na sisi marafiki wanne, wafanyakazi wa ndani, tulikuwa kando ya bwawa nje ya Doha, Qatar, tukitazama flamingo kwa zamu kwa darubini moja. Cherotich hakutaka kuiachia.

"Dada, hiyo darubini imekuoa?" nikamtania. Wenzetu wakacheka, nami nikanogewa.

Flamingo wakaruka wote, bwawa likabaki tupu. Cherotich bado aliibana machoni, vidole vimekakamaa.

"Ndege wameshaenda. Sasa unaona nini? Lete, ni zamu yangu."

Tone la maji likateleza shavuni mwake hadi kidevuni.

"Nyumbani wanamzika mama saa hii, na madam alininyima ruhusa ya kusafiri. Haya, chukua, utazame vizuri ninavyolia."