Kijiko cha Uji wa Tunu

Siku hizi mtoto akitimiza mwaka hupimwa ngozi na mate, na mwanamke ambaye vijidudu vyake vimejaa zaidi mwilini mwa mtoto ndiye anayeandikwa mama. Wiki ijayo ni zamu ya Tunu wangu.

Jana nilirudi mapema kutoka kazini. Zawena, dada wetu wa kazi, alikuwa anamlisha uji. Alionja kijiko, kisha akakitia kinywani mwa mwanangu.

"Zawena, si tulikubaliana usionje?"

"Napima moto tu, mama Tunu. Au aungue?"

"Puliza."

"Nikipuliza si mate yale yale?" Akacheka. Tunu naye akacheka, akimtazama yeye.

Nilimbeba mtoto hadi bafuni, nikamsugua kwa sabuni mpaka akalia. Maji yalipokuwa yanateremka ndipo nilipokumbuka kwamba hata vijidudu vyangu vilikuwa kwenye ngozi ile. Nikambana kifuani, shavu kwa shavu. Alinisukuma, akanyoosha mikono mlangoni.

Zawena alikuwa ameshasimama pale.

"Nipe nimfunike, mama Tunu, atapata baridi," alisema kwa upole, akikunjua khanga yake, ile aliyolala nayo usiku.